Mzazi na Huzuni Yake: Habari za Mama Mweusi wa Marekani

Katika mwaka 1840 serikali ya Marekani, ilipokuwa ikihesabu watu wake kama ilivyo kanuni yake kila baada ya miaka kumi, iliamuru kwa mara ya kwanza kwamba wenye wazimu nao waandikwe, kila mmoja kwa rangi yake na mji wake. Na hesabu hiyo ilipochapishwa ilionyesha kwamba watu weusi waliokuwa huru katika majimbo ya kaskazini walipatwa na wazimu mara nyingi zaidi kuliko ndugu zao waliokuwa watumwa kusini. John C. Calhoun, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 1844 na mtetezi mkubwa wa utumwa, aliitwaa hesabu hiyo akaiandikia Uingereza kuwa ni hujja ya kukata maneno, ya kwamba uhuru humharibu Mweusi akili na utumwa humhifadhi. Tabibu Edward Jarvis, ambaye mwanzoni aliiamini, aliporudi kuipitia mji kwa mji alikuta huko kaskazini miji ambayo wendawazimu weusi walioandikwa walizidi idadi ya wakazi weusi, na mingine isiyokuwa na mkazi mweusi hata mmoja ila katika hesabu ilikuwa na mwendawazimu mweusi. Na James McCune Smith, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari, naye akaipinga kwa maandishi mjini New York. Hayo yote hayakufaa kitu, kwa kuwa hesabu ilibaki katika vitabu vya serikali kama ilivyokuwa.

Historia ninayokusudia kuisimulia, ya namna mama mweusi wa Marekani alivyotunzwa, na aghalabu alivyoachwa bila kutunzwa, pale nafsi yake ilipougua kwa sababu ya uzazi, haina mlango ulio bora kuliko huo. Maana mama huyo ameandikwa sana na kuulizwa kidogo.

Miaka mitano baada ya hesabu hiyo, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, tabibu J. Marion Sims aliweka hospitali ndogo nyuma ya nyumba yake, akawakusanya humo wanawake watumwa waliopatwa na jeraha la fistula kwa uzazi mgumu, akawapasua tena na tena tangu 1845 hata 1849 mpaka alipopata njia ya kulishona jeraha hilo. Watatu kati yao wanajulikana kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alikuwa kijana wa miaka kama kumi na saba, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa kwa muda wa siku tatu, na kisu kilimpitia mara 30. Dawa ya etha, ambayo humtia mgonjwa usingizi asihisi, ilikwisha kudhihirishwa mbele ya matabibu wa Boston mwaka 1846, wala Sims hakuitumia kwa wanawake hawa, ijapokuwa kalamu yake mwenyewe imeshuhudia kwamba maumivu ya Lucy yalikuwa makali kupita kiasi. Matabibu wenzake walipochoka kumsaidia, wagonjwa walifundishwa kushikana na kuuguzana wao kwa wao, hata kila mmoja akawa mgonjwa leo na muuguzi kesho. Maneno yao hayakuhifadhiwa. Sims alisimamishiwa sanamu mjini New York mwaka 1894, na sanamu hiyo iliondolewa katika bustani ya Central Park mwaka 2018. Na mwaka 2021, huko huko Montgomery, msanii Michelle Browder alisimamisha sanamu kubwa za chuma za wale wanawake watatu.

Kuna kisa kingine cha zama hizo ambacho yafaa tukae nacho kidogo. Mwishoni mwa Januari 1856, mto Ohio ulipokuwa umeganda barafu, mwanamke mtumwa aitwaye Margaret Garner alivuka kwa miguu kutoka Kentucky pamoja na mumewe Robert, wakwe zake na watoto wake wanne, mmoja wao akiwa wa kunyonya, wakajificha katika nyumba ya jamaa yao mjini Cincinnati, katika jimbo lisilokuwa na utumwa. Wawindaji wa watumwa, wakiongozwa na askari wa serikali, waliizingira nyumba hiyo kabla jamaa hao hawajapata kusafirishwa mbele. Na Margaret, alipoona mlango unavunjwa, alitwaa kisu akamwua bintiye wa miaka kama miwili, akataka kuwafuatisha na wengine, mpaka aliposhikwa mikono. Kesi yake iliendelea kwa majuma mawili, na shauri lililobishaniwa lilikuwa la ajabu: wakili wake, John Jolliffe, aliomba mteja wake ashitakiwe kwa mauaji, kwa sababu mtu anayeshitakiwa kwa mauaji ni mtu, ilhali upande wa bwana wake ulidai arudishwe kwa sheria ya 1850 ya watumwa watoro, yaani arudishwe kama mali iliyopotea ikaonekana. Sheria ya mali ikashinda. Alirejeshwa Kentucky, kisha akapelekwa kusini kwa merikebu, na merikebu hiyo ilipogongana na nyingine mtoni yule mtoto wa kunyonya akazama. Margaret mwenyewe alifariki mwaka 1858 kwa homa ya matumbo.

Waandishi wa magazeti ya siku zile, wale waliopinga utumwa na wale walioutetea, walimfanya Margaret kuwa hoja, na mwandishi Toni Morrison alikuja kuchukua kisa chake kuwa chimbuko la riwaya yake ya mwaka 1987; lakini katika majuma yale mawili ya mahakama, swali la nini kilichokuwa kikipita katika nafsi ya mama anyonyeshaye aliyefikia kumwua mwanawe halikuwa miongoni mwa maswali ya sheria. Wala si kwamba elimu ya jambo hilo haikuwako duniani. Mwaka ule ule wa 1858 aliofariki Margaret, tabibu Louis-Victor Marcé alitoa mjini Paris kitabu kizima juu ya wazimu wa wanawake wenye mimba, waliojifungua na wanyonyeshao, akieleza dalili zake, wakati wa kuja kwake na namna unavyopoa. Elimu ilikuwako Paris, na mgonjwa alikuwa Mississippi, mtumwa wa watu.

Utumwa ulipokoma, Mweusi mwenye maradhi ya akili alijengewa mahali pa peke yake, na juu ya mahali hapo sina mengi ya kusema. Virginia ilifungua mwaka 1870 hospitali ya wendawazimu ya watu weusi peke yao, iliyohamishiwa Petersburg mwaka 1885. Maryland ikafungua yake huko Crownsville mwaka 1911, na wagonjwa wa kwanza ndio waliofyeka msitu na kuyainua majengo. Humo ndimo alimowekwa Elsie, binti wa Henrietta Lacks, yule mama wa Baltimore ambaye chembe za mwili wake zilichukuliwa mwaka 1951 bila idhini yake na zingali zikitumika katika maabara za dunia. Henrietta alikuwa akienda kumtazama mwanawe mpaka maradhi yalipomlaza. Elsie akafariki humo mwaka 1955, naye ni wa miaka 15, katika hospitali iliyokwisha kufurika.

Lakini mama mweusi wa kijijini, ambaye hakuwa mwendawazimu wa kufungwa wala mzima wa kucheka, alikuwa na wake wa kumtazama, naye ni mkunga. Tangu zama za utumwa hata katikati ya karne ya ishirini, wakunga weusi walizalisha sehemu kubwa ya watoto wa kusini, weusi na baadhi ya weupe pia, wakilipwa fedha walipolipwa, na kuku au viazi pale fedha zilipokosekana. Mkunga hakuondoka kitovu kilipokwisha kukatwa. Alipika, alifua, aliwalisha watoto wakubwa, na alihakikisha kwamba mzazi hatoki nje wala kushika kazi nzito, aghalabu kwa mwezi mzima. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa hayo, kwa maana arobaini ya mzazi anaijua nyumbani kwao: mzazi hukandwa maji ya moto, hupewa uji wenye pilipili manga, na watu wazima huwa kando yake mchana na usiku, wakimwangalia uso kama wanavyomwangalia mtoto. Mwenye kukaa na mzazi kwa namna hiyo huona mapema pale anapoanza kukataa chakula, au kumpa mtoto mgongo, au kulia bila sababu ya kutajika.

Mwaka 1921 Kongresi ilipitisha sheria ya Sheppard na Towner, iliyotoa fedha kwa majimbo ili kupunguza vifo vya akina mama na watoto wachanga, na kwa fedha hizo majimbo ya kusini yaliwaandikisha wakunga, yakawapa mafunzo na leseni, na kuwatuma wauguzi wa serikali, wengi wao weupe, kuja kufungua mikoba yao na kukagua kilichomo. Mkunga aliyekutwa na mizizi au majani ya bibi yake aliweza kunyang'anywa leseni. Filamu moja iliyotengenezwa katika jimbo la Georgia mwaka 1952 na George Stoney, kwa ajili ya kuwafundisha wakunga, imetuhifadhia sura ya mmoja wao, Mary Coley wa mji wa Albany, aliyezalisha watoto zaidi ya 3,000 katika maisha yake: tunamwona katika aproni nyeupe, mkoba wake umetandikwa kitambaa safi, akichemsha vyombo, akimtia mtoto matone ya dawa machoni, na kusema na mzazi kwa sauti ya mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote. Iliyotengenezwa kuwa somo la usafi imekuja kuwa ushahidi wa jambo ambalo wauguzi wa serikali hawakulitia katika orodha ya ukaguzi wao, nalo ni ule utulivu wa mkunga mbele ya mwanamke mwenye hofu.

Insafu inanilazimu nikiri kwamba hospitali ziliokoa roho nyingi ambazo mkunga peke yake asingeweza kuziokoa, na kwamba mwenye kusifu zama za nyuma bila kutaja makaburi yake hasemi kweli. Ila hospitali ilipokuja kumchukua mzazi kutoka mikononi mwa mkunga, haikuchukua na zile kazi nyingine za mkunga. Ilimpokea mama kwa siku chache, ikamrudisha nyumbani, ikamwambia aje tena baada ya majuma sita. Mwaka 1976 Alabama ilitunga sheria ya kuwafungia kazi wakunga wa jadi, na wanawake waliokuwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka 30 na 40 wakapokea barua za kuambiwa kwamba leseni zao zimekoma. Nafasi yao ya kukaa kando ya mzazi haikupewa mtu mwingine.

Hapa historia yetu inageuka kwa njia isiyotazamiwa na kupita Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa maradhi ya akili kutoka Uingereza, John Cox, alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Makerere, na katika kituo cha afya cha Kasangati, karibu na Kampala, aliwahoji wanawake wa Kiganda juu ya nafsi zao wakati wa mimba na baada ya kujifungua. Wanawake hao walikuwa na habari za maradhi waliyoyaita amakiro, yanayompata mzazi hata akaweza kumdhuru mwanawe, na yaliyosemekana kuletwa na uzinzi wakati wa mimba. Cox hakuishia kwenye maradhi hayo makali. Aliuliza pia habari za huzuni ya kawaida isiyokuwa na kelele, na katika uchunguzi wake alikuta kwamba takribani mzazi mmoja katika kumi alikuwa na sonona. Jambo hili lilikuwa na uzito wake, kwa kuwa walikuwako wataalamu wa Ulaya waliosema kwamba mama wa Kiafrika, kwa vile anazungukwa na ndugu na mila, haijui huzuni ya uzazi. Na usemi huo, ingawa una sura ya sifa, ni binamu wa hesabu ya mwaka 1840.

Cox alihamia Scotland, na mwaka 1987 yeye pamoja na Jeni Holden na Ruth Sagovsky walichapisha kipimo cha Edinburgh cha sonona ya uzazi: maswali kumi, yanayouliza juu ya siku saba zilizopita tu, kila moja likiwa na majibu manne ya kuchagua, na la mwisho likiuliza kama mama amepata fikira ya kujidhuru. Yaliwekwa mafupi makusudi ili mama aweze kuyajibu akiwa na mtoto mapajani, na hayakujishughulisha na uchovu wa mwili, ambao kila mzazi anao. Leo hakuna kipimo kinachotumika zaidi ya hicho kwa wazazi wa dunia, na katika zahanati za Chicago na Houston mama mweusi hupewa karatasi ambayo sehemu ya chimbuko lake ni mazungumzo ya mtafiti na wanawake weusi wa Buganda.

Wakati karatasi hiyo ilipokuwa bado kutungwa, wanawake weusi wa Marekani walikwisha kuanza kuulizana wenyewe. Byllye Avery, mwalimu aliyefanya kazi na watoto wenye maradhi ya akili katika hospitali ya Gainesville, jimbo la Florida, alifiwa mwaka 1970 na mumewe, aliyekuwa na miaka 33 tu, kwa maradhi ya moyo, akabaki na watoto wawili; msiba huo ndio uliomgeuza kutazama afya ya watu wake. Alishiriki kufungua zahanati ya wanawake mwaka 1974 na nyumba ya kuzalia mwaka 1978. Kisha akakutana na takwimu ya serikali iliyomkosesha usingizi: kwamba wanawake weusi wa miaka 18 hadi 25, walipoulizwa juu ya hali ya nafsi zao, zaidi ya nusu walieleza kuwa wanaishi katika dhiki kubwa ya moyo, kupita hata ya baadhi ya wagonjwa wa akili wa umri wao. Avery alijiuliza wanawake hao, ambao wengi walikuwa tayari ni mama, wanaamkaje asubuhi na kuwavika watoto wao nguo za shule.

Katika Juni 1983 aliitisha mkutano katika chuo cha Spelman, mjini Atlanta, akitazamia wanawake mia chache, wakaja wapatao 2,000, wasomi na wasiosoma, wenye mali na wanaoishi kwa msaada wa serikali, mabibi na wajukuu. Katika mkutano huo Lillie Allen aliongoza mazungumzo juu ya kuwa mweusi na kuwa mwanamke, na kilichotokea humo ndicho kilichokuja kuwa mtindo wa chama kilichozaliwa hapo, National Black Women's Health Project: wanawake waliketi, mmoja akasema yaliyompata, wengine wakasikiliza bila kumkatiza wala kumpa nasaha, kisha akasema mwingine. Walisema juu ya kupigwa, kubakwa, kuzaa wakiwa watoto, kufiwa na vichanga, na kulea peke yao. Na wengi walikiri kwamba hayo hawajapata kuyatamka mbele ya mtu. Avery aliyaona maradhi makubwa ya wanawake wake kuwa ni ule mwafaka wa kunyamaza, unaomtaka mwanamke mweusi abebe yote, asilie, na asifiwe kwa kutolia. Mwaka 2010 mtafiti na muuguzi Cheryl Woods-Giscombé wa North Carolina aliuchunguza wajibu huo kwa kanuni za elimu, akaonyesha jinsi unavyomfanya mwanamke kuficha hisia, kukataa msaada na kuahirisha kujitunza; wanawake wa Atlanta walikwisha kulijua jambo hilo miaka 27 nyuma, wakiwa wamekaa vitini mviringo.

Yafaa kusema vilevile kwamba kunyamaza huko hakukuwa ushujaa mtupu. Kulikuwa na akili ndani yake. Kuanzia 1989 hospitali moja ya umma mjini Charleston, South Carolina, iliyapima kwa siri makojo ya wanawake wenye mimba kutafuta kokeini, na kwa mapatano na polisi ikawapeleka waliokutwa nayo mikononi mwa askari, baadhi wakitiwa pingu wangali wakivuja damu ya uzazi. Wanawake 30 walikamatwa, na 29 kati yao walikuwa weusi. Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu katika Machi 2001 kwamba upimaji huo bila idhini ulikiuka Katiba. Lakini habari ya namna hiyo haifutwi na hukumu: mama aliyesikia kwamba jirani yake alimwamini daktari akaishia jela, au akanyang'anywa mwanawe na idara ya ustawi wa watoto, anapopewa karatasi ya maswali kumi na kufika kwenye lile la mwisho, hulijibu kwa kuandika kwamba hajapata kuwaza jambo hilo kamwe.

Mwaka huo huo wa 2001 ndio uliotoa kifo kilicholeta sheria. Melanie Blocker Stokes wa Chicago alikuwa mwanamke mweusi msomi, mwenye kazi nzuri katika kampuni ya dawa, mke wa daktari, aliyemtamani mtoto kwa miaka mingi. Na alipojifungua binti tarehe 23 Februari alianza, majuma machache baadaye, kudhoofika, kuacha kula na kunywa, na kuamini kwamba majirani wote wanamwona kuwa mama mbaya. Katika muda wa majuma saba alilazwa mara tatu, akapewa dawa za namna nyingi, na kila mara akatolewa. Tarehe 11 Juni alijitoa uhai. Mama yake, Carol Blocker, ambaye alimwona mwanawe akipotea mbele ya macho yake huku akiambiwa kwamba atapona, hakukaa na msiba wake ndani ya nyumba. Alikwenda kwa mbunge wa Chicago, Bobby Rush, na Rush akawasilisha muswada wenye jina la Melanie, wa kuitaka serikali igharimie utafiti, elimu na huduma za sonona na wazimu wa uzazi.

Muswada huo ulizungushwa katika kumbi za Kongresi kwa miaka tisa. Ulipita hatimaye mwaka 2010 ukiwa kipande ndani ya sheria kubwa ya afya ya Rais Obama, na hata hapo ulikuwa sheria isiyokuwa na senti: fedha za kutoa ruzuku kwa majimbo zilipatikana kwa sheria nyingine ya mwishoni mwa 2016, na majimbo saba ya kwanza yalizipokea mwaka 2018, wakati ambapo yule mtoto wa Melanie alikuwa na umri wa kumaliza shule ya sekondari. Illinois, jimbo la marehemu, halikuwa miongoni mwa hayo saba.

Katika muda huo majimbo mengine yalijaribu njia zao, na jaribio lenye mafunzo mengi ni la New Jersey, ambalo mwaka 2006 lilikuwa la kwanza kuwalazimisha wahudumu wa afya kumpima kila mzazi. Katy Kozhimannil na wenzake walipofuatilia karibu wazazi 30,000 wa jimbo hilo wenye bima ya maskini iitwayo Medicaid, walikuta kwamba wazazi weupe walioanza kupata tiba ya sonona walikuwa asilimia 9 na weusi asilimia 4; na sheria ya kupima haikuiongeza idadi ya wanaotibiwa. Sioni ajabu katika hilo. Karatasi inaweza kugundua huzuni, ila haimpeleki mtu kwa tabibu asiyekuwako mtaani, wala haimlipii nauli, wala haimgeuzi tabibu mwenyewe; na juu ya matabibu, uchunguzi wa mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Virginia ulionyesha kwamba nusu ya wanafunzi weupe wa udaktari na madaktari vijana waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo juu ya miili ya watu weusi, kama vile kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Kati ya hao na Sims ilikwisha kupita miaka 170.

Yaliyofanyika tangu hapo si haba. Bima ya Medicaid, inayolipia takribani theluthi mbili ya uzazi wa akina mama weusi, ilikuwa na desturi ya kumwacha mzazi baada ya siku 60, ilhali sonona huweza kumjia wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Tangu Aprili 2022 majimbo yaliruhusiwa kuurefusha muda huo hadi miezi 12, na karibu yote yamefanya hivyo. Mei 2022 ilifunguliwa simu ya taifa ambayo mzazi aweza kuipiga usiku au mchana bila malipo. Mwaka 2023 ikaidhinishwa dawa ya vidonge ya kwanza iliyotengenezwa kwa sonona ya uzazi, zuranolone, inayomezwa kwa siku 14, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 15,900, kiasi ambacho mama wa Medicaid hawezi hata kukitaja bila bima kumsimamia. Na nje ya serikali wako wanawake kama Kay Matthews wa Houston, aliyezaa mtoto mfu mwaka 2013 na, kwa kukosa mtu wa kumtunza katika msiba ule, akaanzisha chama cha kuwatunza akina mama wenzake. Na wako madoula weusi, wasaidizi wa uzazi wanaomwendea mzazi nyumbani kabla na baada ya kujifungua, wakifanya kwa mafunzo mapya kazi ambayo Mary Coley alikuwa akiifanya Albany.

Mwaka 2020 Lauren Underwood, muuguzi na mbunge mweusi wa Illinois, pamoja na Alma Adams wa North Carolina, waliwasilisha katika Kongresi fungu la miswada juu ya afya ya mama mweusi, na mmojawapo ni wa kugharimia huduma za nafsi ya mzazi katika mitaa yao na kuongeza idadi ya wataalamu wa rangi yao. Hadi Kongresi ya 118 ilipomaliza muda wake Januari 2025, katika fungu lote hilo ni muswada mmoja tu uliokuwa sheria, ule wa akina mama waliotumikia jeshi. Wa nafsi ya mzazi ulikuwa haujapigiwa kura ya mwisho.